Masharti ya Mwenye Tela

Makina, huku Kibra jijini Nairobi, ni mtaa wa kukodi. Chumba kinakodiwa kwa mwezi, mkokoteni kwa siku, sufuria za pilau kwa harusi, spika kwa mkesha. Ukitembea kutoka msikiti wa Makina hadi soko la Toi utapishana na watu wengi ambao riziki yao ni kutoa kitu asubuhi na kukipokea jioni kikiwa kizima. Kwa hiyo masharti si jambo geni hapa. Hata hivyo tuna ugonjwa mmoja: masharti tunayowawekea wenzetu tunayaita busara, na yale tunayowekewa sisi tunayaita roho mbaya. Kisa hiki ni cha mfano, cha mtu aliyekuwa na ugonjwa huo, na dawa aliyokunywa ilikuwa chungu.

Alikuwa fundi wa mahema. Alikuwa na mahema matatu, viti vya plastiki mia mbili na ushei, meza chache, jenereta moja na tenki la maji la lita mia tano. Ukitaka vitu vyake, alikufungulia daftari lenye jalada la bluu na kukusomea: kiti kikivunjika kinalipwa, hema linafungwa na vijana wangu, si wako, na hakuna kitu kinachohamishwa kwenda mahali pengine bila mimi kuambiwa. Wakati mmoja mteja alichukua viti kwa ajili ya arusi ya Makina, halafu bila kusema akavipeleka Kawangware kwa sherehe ya shemeji yake. Vilirudi vimepungua. Fundi alimlipisha kila kiti na akakataa kumkodishia tena. Alipoulizwa kwa nini amekuwa mkali, alijibu kwamba angeambiwa mapema angetuma kijana wake aende navyo, na hata bei ingepanda kidogo tu. "Sikukasirikia Kawangware," alisema. "Nilikasirikia kufichwa."

Hayo maneno yahifadhi, maana yatamrudia.

Ikatokea kazi nono. Familia moja ilikuwa na sherehe ng'ambo ya Kiserian, kwenye barabara ya Magadi, karibu na Olepolos. Walitaka mahema mawili, viti vyote, jenereta na tenki la maji. Dereva wa Canter aliyezoea kumbebea mizigo alikuwa na safari nyingine siku hiyo. Fundi akapiga hesabu. Akikodi lori la mtu asiyemjua, nusu ya faida itakwenda kwa nauli. Lakini ana Probox yake, na nyuma yake amechomelewa chuma cha kuvutia na fundi wa jua kali. Akipata tela ya siku moja, atabeba mwenyewe na pesa zitabaki mfukoni.

Akaenda kwenye yadi moja inayokodisha tela. Ofisini alikuwepo msichana aliyekuwa na fomu mbele yake.

"Utavuta na gari gani, kaka?"

"Probox, dada."

"Hiyo tela kubwa hatuikodishi kwa Probox. Unaweza kuchukua ile ndogo, au uchukue pikapu yetu pamoja na dereva."

"Probox inatoka Meru na magunia ya miraa mpaka bampa inataka kugusa lami, na wewe unaniambia haiwezi kuvuta viti?"

"Sijasema haiwezi, kaka. Nimesema hatukodishi."

Akamsomea na masharti mengine. Tela haitoki nje ya Nairobi bila kuandikwa. Inaendeshwa na aliyetajwa kwenye fomu tu. Haibebi zaidi ya uzito ulioandikwa ubavuni mwake. Haibebi mtu hata mmoja. Inarudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ikipitisha, inahesabiwa siku ya pili. Na kuna dipoziti.

Fundi hakuuliza sababu ya sharti hata moja. Aliona anazungushwa. Alitoka nje akiwa na hasira ya mtu aliyedharauliwa gari lake, akampigia binamu yake mwenye pikapu. "Njoo mara moja tu, unisaidie kutoa kitu." Baada ya saa moja walirudi yadini pamoja. Fomu ikaandikwa namba ya pikapu, leseni ya binamu, na mahali pa kwenda: Nairobi. Ikatiwa saini. Dipoziti ikatumwa kwa M-Pesa. Tela ikafungwa nyuma ya pikapu, ikatoka getini vizuri kabisa, na ilipofika Makina ikafunguliwa na kufungwa nyuma ya Probox. Binamu akaenda zake kazini. Fundi alicheka siku nzima kwa jinsi alivyowazunguka watu wa yadi.

Hakujua kwamba kwa saini ile amejivua kinga zote alizokuwa nazo.

Dalili za kwanza zilionekana hapohapo. Kirungu cha chuma ambacho shingo ya tela hukalia kina vipimo vyake. Kile cha kawaida kwenye tela za aina hii ni milimita hamsini, na mara nyingi namba huwa imegongwa juu yake. Kirungu cha Probox kilikuwa cha kuokotezwa, chembamba kidogo. Shingo ilikaa, lakini ilicheza. Fundi akaizungushia kamba ya mpira. Waya wa taa wa tela haukuingia kwenye soketi ya gari, kwa hiyo tela ilikuwa haina taa za breki wala za kukata kona. Minyororo miwili ya usalama haikuwa na pa kushikia, ikatundikwa juu ya mzigo.

Wakaanza kupakia. Mahema na vyuma vyake vilitangulia mbele kwa sababu vilikuwa karibu. Viti vikafuata. Jenereta ikaja mwisho, ikawekwa nyuma kabisa ili iwe rahisi kushusha. Tenki la maji likakaa karibu nayo, limejazwa kabisa kwa sababu wenyeji walisema kule maji ni ya shida. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita mia tano ni nusu tani, kabla hujaweka kiti hata kimoja, na viti mia mbili vya plastiki, kila kimoja kikiwa na kilo mbili na nusu hivi, vinakaribia nusu tani nyingine. Probox yenyewe, ikiwa tupu, uzito wake unazunguka tani moja. Mzigo ulikuwa umelizidi gari linalouvuta.

Mzee mmoja anayevuta mkokoteni sokoni Toi alikuwa amesimama akitazama.

"Kijana wangu, hiyo jenereta ilete mbele."

"Mzee, hii ni tela, si mkokoteni."

"Ni mkokoteni wenye tairi nzuri. Ukilundika nyuma, mikono inapanda juu na wewe unaning'inia hewani. Hata gari nalo litaning'inia."

Kila mtu aliyewahi kusukuma mkokoteni kwenye mteremko wa Makina anajua alichosema mzee yule. Fundi alicheka, akamwamuru kijana wake wa mkono apande juu ya mzigo akaushikilie. Ndani ya gari hapakuwa na nafasi. Kulikuwa na meza na masufuria.

Walitokea Mbagathi, wakashika Lang'ata Road, wakapita Wilson na Bomas, wakaingia barabara ya Magadi. Foleni ya Rongai iliwasaidia bila wao kujua, kwa sababu katika mwendo wa polepole kosa la upakiaji hujificha. Kiserian walipita salama. Fundi akazidi kuamini kwamba watu wa yadi ni waoga tu.

Ng'ambo ya Kiserian kuna Kona Baridi, na kutoka hapo barabara inaanza kuteremka kuelekea Bonde la Ufa. Ni mahali pazuri kwa macho na pabaya kwa tela iliyopakiwa vibaya. Uzito ulio nyuma ya ekseli huinyanyua shingo ya tela, na shingo hulinyanyua gari kwa nyuma. Tairi za nyuma zikipungukiwa na uzito, haziikanyagi lami kama inavyotakiwa. Mwendo ukiongezeka, tela huanza kuyumba, kulia, kushoto, kila mara kwa nguvu zaidi. 

Fundi alipoona kwenye kioo tela inayumba, alikanyaga breki kwa nguvu. Ndilo jambo ambalo mguu wa kila dereva hutaka kulifanya, na ndilo lisilofaa. Anayejua huondoa mguu kwenye mafuta, hushika usukani ukiwa umenyooka, na kuacha mwendo upungue wenyewe. Probox ikafunga breki, tela isiyo na breki ikaendelea kuja. Kirungu kile chembamba kikachomoka kwenye shingo. Hakukuwa na mnyororo wa kuizuia. Tela ikajiendea, ikapinduka kwenye mtaro.

Hakuna aliyekufa. Kijana aliyekuwa juu ya mzigo aliruka, au alirushwa, na akavunjika mkono. Tenki lilipasuka, jenereta ikalala kifudifudi kwenye mawe, viti vikatawanyika bondeni. Tela ilipinda ekseli. Matatu iliyokuwa ikipanda kutoka Magadi ilikwepa kwa uwezo wa Mungu na uhodari wa dereva wake.

Ajali ilichukua sekunde chache. Hasara iliendelea kwa miezi.

Polisi wa trafiki walipofika waliomba karatasi. Tela katika Kenya ni chombo kinachosajiliwa peke yake, chenye logibuku yake na namba yake inayoanza na herufi Z. Karatasi za tela zilikuwepo, na fomu ya yadi ilikuwepo, lakini fomu ilitaja pikapu ambayo haikuwa pale na dereva ambaye wakati ule alikuwa kazini Industrial Area. Ikabidi binamu aitwe aeleze kwa nini jina lake liko kwenye ajali ambayo hakuiona. Mwenye kumfanyia mwenzake hisani ya dakika tano akapoteza siku tatu za kazi, na udugu ukaingia ufa.

Bima? Probox ilikuwa na ile bima ambayo Sura ya 405 ya sheria za Kenya inailazimisha kwa kila gari barabarani, yaani ya kumlinda mtu wa tatu. Hiyo haikulipii jenereta yako wala tenki lako wala tela ya watu. Tela nayo ilikuwa na bima ya mwenyewe, na kampuni ya bima iliuliza swali moja tu: gari lililokuwa likivuta ndilo lililoandikwa? Jibu lilipokuwa hapana, faili likafungwa.

Wenye sherehe walidai malipo yao ya awali. Hospitali ilidai yake. Mama wa kijana aliyevunjika mkono alikuja hadi mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini ni sheria gani iliyomweka mwanawe juu ya jenereta. Fundi hakuwa na la kumjibu.

Alipokwenda yadini alitegemea kelele. Meneja alikuwa mtu wa makamo, akamkaribisha kiti.

"Ungeniambia ni Kiserian, ningekuandikia Kiserian," alisema. "Ungeniambia huna pikapu, ningekupa yangu na dereva, na ile tofauti ya pesa ungeilipa kwa faida ya siku moja. Mimi sikukasirikia Probox, ndugu yangu. Nimekasirikia kufichwa."

Fundi aliyatambua maneno hayo. Yalikuwa yake mwenyewe. Dipoziti ilikwenda yote, na baki akailipa kidogo kidogo baada ya kuuza hema lake kubwa.

Tuache kisa hapo, tuangalie kiini chake, maana wengi wakikisikia husema kosa lilikuwa kirungu, au jenereta kukaa nyuma, au breki. Hayo yote ni makosa, lakini yalizaliwa na kosa moja. Fundi alikutana na sharti, na badala ya kulihoji akalikwepa. Angelihoji angeambiwa kuhusu uzito, kirungu na minyororo, na huenda angeondoka na tela ndogo na safari mbili. Aliyelikwepa alilazimika kuficha gari, kisha dereva, kisha mahali, na kila alichokificha kilikuwa kitu ambacho siku ya ajali kingemsaidia.

Sharti la mwenye chombo mara nyingi ni kumbukumbu ya hasara. Mtu fulani aliwahi kubeba watu juu ya mzigo, wakaanguka. Ndipo ukaandikwa mstari wa kukataza. Mtu fulani aliwahi kurudisha usiku tela isiyo na taa, ikagongwa; ndipo ikaandikwa saa kumi na mbili. Wewe unayesoma unaona mstari tu, huoni damu iliyouandika.

Wala si Nairobi peke yake. Kampuni kubwa ya kukodisha tela Marekani, U-Haul, iliyoanzishwa mwaka 1945, ilitangaza mwezi Desemba 2003 kwamba haitamkodishia tela mtu yeyote anayevuta kwa Ford Explorer. Gari hilo lilikuwa likiuzwa sana, na wenyewe waliona wameonewa, kwa sababu ni gari kubwa lenye nguvu ya kuvuta. Lakini miaka mitatu nyuma, mwaka 2000, tairi za Firestone zilizokuwa zikifungwa kwenye magari hayo zilikuwa zimerudishwa kwa mamilioni baada ya ajali za kupinduka, na kesi zilikuwa zimejaa mahakamani. U-Haul haikudai kwamba imethibitisha gari lile haliwezi kuvuta. Ilisema gharama ya kujitetea mahakamani imezidi. Ni jibu lilelile la msichana wa yadi: hakusema haiwezi, alisema hatukodishi. Mwenye mali ana haki ya kukataa hatari asiyotaka kuibeba, hata kama wewe unaamini hatari hiyo haipo. Na kampuni hiyohiyo huwaambia wateja wake wapakie asilimia sitini ya uzito nusu ya mbele ya tela. Mzee wa mkokoteni wa Toi alitoa ushauri huohuo bure.

Lakini kisa hiki kisigeuzwe fimbo ya kumpigia mteja peke yake. Wako wenye yadi, kama walivyo wenye nyumba, wanaotumia masharti kama mtego. Anakupa fomu yenye nafasi tupu utie saini, atajaza baadaye. Anapokea dipoziti bila risiti. Tela inatoka na tairi lililokwisha, ikirudi anakuambia umelimaliza wewe. Sharti la namna hiyo halikumbuki ajali ya mtu yeyote. Linatafuta pesa yako tu.

Mbele ya mtego kama huo, mteja wa Kenya hana mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu, na haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza mwenye huduma kutoa maelezo ya uongo. Na mzozo wa dipoziti au wa tela iliyoharibika hauhitaji wakili wa bei ghali: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwezi Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisemea mwenyewe, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku sitini.

Ila mahakama hiyo inamsaidia mwenye karatasi safi. Fundi wetu asingeweza kwenda huko hata kama yadi ingemdhulumu, kwa sababu karatasi yake mwenyewe ilikuwa ya uongo. Hapo ndipo ujanja unapomgharimu mjanja: unamwondolea haki hata pale ambapo angekuwa na haki.

Watu wa Makina hawahitaji kufundishwa thamani ya karatasi. Wanubi wa hapa, wazao wa askari wa Kisudani wa King's African Rifles waliopewa kuishi Kibra mwanzoni mwa karne iliyopita, walikaa vizazi kadhaa kwa ruhusa isiyokuwa na hati. Serikali ya kikoloni iliwahesabu kuwa wapangaji wanaoweza kuondolewa wakati wowote, na ilichukua hadi mwaka 2017 ndipo jamii hiyo ikakabidhiwa hati ya ekari 288. Wazee wa mtaa huu wanajua kutokana na maisha yao tofauti kati ya neno lililosemwa na neno lililoandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi ukienda kukodi tela, au pikapu, au hata mkokoteni, taja mambo matano bila kuficha: gari litakalovuta, mtu atakayeendesha, mahali unapokwenda, mzigo na uzito wake, na saa utakayorudisha. Ukiambiwa hapana kwa mojawapo, uliza sababu kwa adabu. Sababu ikieleweka, uliza kuna njia gani nyingine: tela ndogo zaidi, dereva wao, nyongeza ya bei kwa safari ya nje ya kaunti. Mkikubaliana, lisibaki mdomoni. Liandikwe kwenye fomu ileile na mtie saini wote wawili. Meneja aliyekubali kwa mdomo Jumatano anaweza kuwa likizo Jumamosi.

Kabla ya kutoka getini, zunguka chombo. Piga picha za tairi, taa, ubao wa namba na kila mkwaruzo, huku mwenyewe akiona. Soma namba iliyogongwa kwenye kirungu na ulinganishe na ile iliyo kwenye shingo ya tela. Taa zisipowaka, usiondoke. Minyororo isipokuwa na pa kushika, usiondoke. Dipoziti uitume kwa njia inayoacha kumbukumbu, na uombe risiti inayosema ni dipoziti, si malipo. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli na mbele yake kidogo, na maji uyanunue huko unakokwenda ikiwa inawezekana. Mtu akae ndani ya gari. Kukitokea jambo njiani, mpigie mwenye chombo papo hapo, kabla hajapigiwa na mwingine.

Na ukiona sharti ni la mtego, tupu au lisiloelezeka, rudisha kalamu mezani. Yadi haiko moja Nairobi. Kusema hapana ofisini kunakupotezea nusu saa. Kusema ndiyo na kufanya kinyume ndiko kulikompotezea fundi hema, jenereta, binamu na jina.

Nanyi mnaokodisha, wa tela na wa viti, lenu ni dogo lakini zito: mpeni mteja sababu pamoja na sharti. Msichana wa yadi alikuwa sahihi kwa kila alichokisema, ila angeongeza sentensi moja, kwamba mzigo ukilizidi gari uzito, tela ndiyo itakayoliendesha gari, pengine fundi angesikia. Sharti lisiloelezwa humfanya mtu mzima ajione mtoto, na mtu aliyejiona amefanywa mtoto hutafuta njia ya kutoroka.

Mwisho wa yote, kitu cha kukodi ni cha mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyejenga uzio wake. Uzio ukikushinda, mwachie kitu chake. Ukikichukua, kichukue pamoja na masharti yake yote, kama vile ambavyo ungetaka mtu akichukue cha kwako.